Mheshimiwa aliniambia hakuna mbinguni, halafu nikamsikia pale kwenye jeneza la mama

Wakuu, salamu zenu. Haya ni ya kweli, sijatia chumvi. Ila jina la mkubwa msiniulize, bado nakula kwake.

Mimi ni dereva wa mbunge mmoja anayeishi Loresho, hapa Nairobi.

Kila Jumamosi tuko matangani, na huko hakuna wa kumshinda. "Mwenzetu hajafa, ametangulia tu, tutaonana mbinguni!" Mnawajua viongozi wetu na mic za matanga.

Mwezi jana mama yangu akafariki. Alitulea mtaa wa Woodley kwa kuuza mboga.

Tukiwa barabara ya Waiyaki Way, jam ya magari imekaza, nikamuuliza, "Mheshimiwa, kweli nitamwona mama tena?"

Nilitaka tu aseme ndiyo.

Tulipokaribia Westlands, magari yakianza kusonga, akaweka simu chini. "Mutinda, nisikudanganye. Mtu akienda ameenda. Hizo zingine ni za mic."

Nusura nisimamishe gari. Huyu ni mtu amesoma, ametembea dunia, anakula na maaskofu. Nikajiambia, kama yeye anasema hakuna kitu, basi anajua.

Siku ya kumuaga mama, jeneza lilifunguliwa kanisani. Ndugu zangu walipita mmoja mmoja, kila mtu na neno lake kwa mama.

Zamu yangu ilipofika sikusema kitu. Niongee na nani, na nimeambiwa hakuna mtu? Nikapita hivyo hivyo, kama niko foleni ya benki.

Nyuma yangu alikuwa Mheshimiwa. Hana mic, hana kamera. Akainama, akashika ukingo wa jeneza.

"Mama, ukifika nisalimie mama yangu. Mwambie ile shamba sikuuza."

Akapangusa macho, akaniambia nilete gari, ana meeting mjini, CBD.

Wakuu, nimechanganyikiwa. Huyu mtu anaamini nini? Nishike la matangani, la kwenye jam, ama la kwenye jeneza? Hasira pia ninayo, sifichi. Namuendesha kila siku na sijathubutu kumuuliza.

Nilichojifunza ni kwamba mambo ya kifo usimwachie mkubwa akufikirie. Hata yeye anapapasa gizani kama sisi.

Wachungaji, masheikh, hata nyinyi msioamini chochote, semeni na mimi. Wa kunicheka pia karibuni.

Mama tulishamzika makaburi ya Lang'ata. Yale niliyoyanyamazia, bado naweza kwenda kumwambia?