Kijiji Kisicho na Mgonjwa

Siku watafiti wa Chuo Kikuu walipofika kijijini kwetu, upande wa Misima huko Handeni, hawakukuta mgonjwa hata mmoja. Viwanja vilikuwa vimefagiliwa mpaka mistari ya fagio inaonekana, watoto wamepakwa mafuta wanang'aa, na kila mwanamke amevaa khanga aliyokuwa ameiweka sandukuni kwa ajili ya Idi. Mpita njia angedhani hapo kwetu hata mbu hawaumi. Wagonjwa tulikuwa nao, tena wengi tu. Tulikuwa tumewahamisha.

Sitaki mtu asome hapa akasema tulikuwa wajinga. Nimechoka na maneno hayo, hasa yakitoka kwa vijana waliosomea afya wakiwa wamekaa kwenye viti vya kuzunguka. Tulielewa mambo vizuri, na tulielewa kwa kuyaona. Ilikuwa miaka ile baada ya kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Tuliacha makazi yetu ya zamani, kila ukoo na shamba lake, tukapangwa kwa mistari kando ya barabara, tukaambiwa huduma zitatufuata huko huko. Tukakaa kuzingoja. Tukaona na namna zinavyokuja. Kijiji chenye shamba la pamoja lisilo na magugu kilipewa duka. Kilichochimba choo kila nyumba kilisifiwa mkutanoni, kikaletewa mashine ya kusaga. Kilichokutwa na watoto wenye upele kilisemwa mbele za watu, na hakikupata kitu.

Chetu kilikuwa kati ya hivyo vilivyosemwa. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa baba yangu mdogo, ambaye nyumba yake ilipakana na yetu na ndiye aliyetulea mimi na dada yangu tangu baba yetu alipofariki. Alisimamishwa kwenye mkutano wa kata, wenyeviti wenzake wanamtazama, akaulizwa kwa nini kijiji chake ni goigoi na watoto wake wanajikuna kama nyani. Alirudi nyumbani akakaa barazani, kofia kichwani, na chakula hakukigusa. Yeye ndiye alikuwa mwenye maneno na mizaha kuliko wanaume wote pale. Niliumia kumwona hivyo, na mpaka leo mtu akimsema vibaya mbele yangu tunakosana.

Basi ulipokuja ujumbe kwamba wataalamu watapita kuangalia hali ya afya vijijini, ili serikali ijue zahanati ijengwe wapi, baba mdogo aliuelewa kama mwenyekiti yeyote wa wakati ule angeuelewa. Kwake yeye, hayo yalikuwa mashindano. Aliwaita mabalozi wa nyumba kumi kumi, akawaambia huku anasuguasugua viganja.

"Ndugu zanguni, safari hii hatutoki mikono mitupu. Wanakuja kukagua afya. Basi waikute."

"Na wagonjwa, mwenyekiti?" balozi mmoja akauliza.

"Wapelekwe mahame kwa muda. Wageni wakiondoka, wanarudi."

Mahame yetu yalikuwa ng'ambo ya korongo, pale tulipoishi kabla ya kuhamishwa. Vibanda vingine vilikuwa bado vimesimama, tukivitumia kulinda mahindi yasiliwe na nguruwe. Huko ndiko walikopelekwa mzee mwenye kifua, watoto wa upele, mama mwenye donda la mguu, na wengine. Hakuna aliyelazimishwa. Kila mmoja alikubali kwa ajili ya kijiji, na wengine walikwenda wakicheka kama watu wanaokwenda kwenye sherehe.

Dada yangu naye alikwenda. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na kama ilivyo desturi kwetu, alikuwa amerudi kwa mama ajifungulie nyumbani. Mume wake alikuwa kazini kwenye mashamba ya mkonge huko Korogwe. Dada alikuwa amevimba. Miguu ilianza, ikafuata mikono, halafu uso, mpaka macho yakabaki madogo. Mama alisema huyo ni mtoto wa kiume, ndivyo wanavyosumbua. Bibi alisema apunguze chumvi. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la saba na nilijiona msomi, lakini darasani hakuna aliyekuwa ametufundisha habari hizo.

Baba mdogo alikuja mwenyewe kumwomba. Alikaa kwenye kigoda karibu na mkeka wake, akaongea kwa upole kuliko kawaida yake.

"Mwanangu, nisaidie. Siku mbili tu, ukae na bibi mahame."

"Baba mdogo, mimi siumwi," dada akamjibu. "Mimi nimenenepa."

"Najua. Ila wageni hawatajua kama ni unene."

Dada akacheka. Alikuwa na kicheko cha kuvuta watu, ukikisikia huna budi kucheka na wewe. "Nitakwenda," akasema. "Lakini zahanati ikijengwa, kitanda cha kwanza ni changu. Nataka kuzalia humo, na mtoto tumpe jina lako."

Baba mdogo alicheka naye mpaka akafuta machozi. Tangu aliposemwa kule kwenye kata, nilikuwa sijamwona akicheka.

Wageni walikuja na Landrova imejaa vumbi. Alikuwepo mzee mmoja mwenye miwani, aliyekuwa mkubwa wao, daktari kijana aliyevaa kaptula, na binti wa Chuo Kikuu ambaye hakunizidi miaka mingi. Binti huyo ndiye aliyepita nyumba kwa nyumba akiuliza maswali. Alikuwa na adabu kweli. Alimwamkia mama shikamoo akipiga goti, akakataa kiti akakaa mkekani, na alipokaribishwa ugali na kuku hakuringa, alikula mpaka akaomba mchuzi mwingine. Mama alimpenda palepale.

"Mnaishi wangapi hapa, mama?" akauliza.

"Mimi na huyu binti yangu."

"Katika wiki mbili zilizopita, kuna aliyeumwa?"

"Hatujambo wote, mwanangu. Tunamshukuru Mungu."

Mimi nilikuwa nimeinama nakusanya vyombo. Mama alisema hayo kwa uso mkunjufu, na sijui kama hata alihisi kwamba anadanganya. Mgeni akikuuliza habari za nyumbani unamwambia nzuri. Kumbebesha shida zako mtu ambaye hajamaliza hata kunawa mikono ilikuwa kukosa malezi.

Daktari alikaa mbele ya ofisi ya kijiji. Akatangaza kwamba wanawake wajawazito waje wapimwe, kwa kuwa nayo ilikuwa sehemu ya utafiti wao. Aliwafunga mkono kwa kitambaa, akakijaza upepo kwa kubonyeza mpira, akasikiliza. Kwa upande wetu walikwenda wale waliokuwa wanapendeza, wenye miguu mizuri. Aliwapima, akawasifu, na baba mdogo alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa furaha kama mwalimu ambaye wanafunzi wake wamefaulu wote.

Mchana wakatokea wafugaji wa mbugani, watu ambao sisi wakulima tulizoea kuwacheka kwamba hawajui kukaa kijijini. Wao hawakuwa wamefagia chochote. Walikuja na wagonjwa wao wote, mmoja wamemkalisha juu ya punda, wakawaweka mbele ya daktari bila aibu. Kati yao alikuwepo mwanamke mjamzito amevimba uso. Daktari alimpima, akampima tena, akaenda kunong'ona na mzee wa miwani. Wakaondoa masanduku yao ndani ya Landrova, wakamlaza yule mwanamke nyuma, dereva akaondoka naye kwenda hospitali. Nilimwona uso alipokuwa anapandishwa. Macho yalikuwa yamebaki madogo.

Nilichukua chakula cha dada nikakimbia mahame. Nilimkuta ameegemea ukuta wa kibanda, kitambaa cha maji kwenye paji la uso. Kichwa kilikuwa kinamuuma. Nikamweleza yote, yule binti na maswali yake, majibu ya mama, daktari, kile kitambaa cha mkononi, yule mwanamke wa wafugaji, Landrova.

"Twende, dada. Dereva atarudi. Na wewe wakupime."

Alifikiri kwa muda. Nilimwona anafikiri. Bibi alimwachia mwenyewe aamue.

"Nitokee sasa hivi, mbele ya watu wote?" akasema. "Huyo binti ameshaambiwa mpo wawili. Atamwona mama mwongo. Na baba mdogo watamfanyaje? Watasema ameficha watu. Zahanati itakwenda hivi hivi."

"Lakini unaumwa kichwa."

"Kila mjamzito anaumwa kichwa. Nenda ukamsaidie mama, wageni wasilale njaa."

Nikaenda. Nilikuwa mdogo wake, na kwetu neno la dada mkubwa lilikuwa linatosha. Wageni waliondoka kesho yake, kijiji kikawapungia mikono, na wagonjwa wetu wakavuka korongo kurudi majumbani. Jioni kabla jua halijazama, baba mdogo alizunguka kijijini akishukuru nyumba hadi nyumba. Alisema mzee wa miwani amemshika mkono na kumwambia hajaona kijiji kizuri kama hiki.

Haikupita hata wiki. Asubuhi dada alisema anaona vitu vinamulikamulika mbele ya macho, akamwomba mama afunge dirisha. Halafu akakakamaa. Mwili mzima ulianza kutupwa, meno yameuma ulimi, damu inatoka pembeni mwa mdomo, na mama anamwita kwa jina lake la utotoni. Wapo waliosema ni shetani, wakataka ubani. Baba mdogo hakutaka kusikia. Alipindua kitanda cha kamba, akamlaza dada juu yake, yeye akashika mbele na vijana wakashika nyuma. Mvua zilikuwa zimeanza na njia ya Handeni ilikuwa imekatwa na maji, kwa hiyo tulielekea upande wa barabara kuu, tukitumaini gari la kutufikisha Korogwe.

Njiani, kila tuliyekutana naye alisimama akauliza habari za mgonjwa, na tukajibu nzuri, tunaendelea vizuri, ndivyo watu wanavyojibizana. Kuna wakati dada alipata fahamu kidogo. Bibi mmoja aliyekuwa anatoka shambani aliinama juu ya kitanda akamuuliza, "Hujambo, mwanangu?" Dada, midomo imechanika, akamjibu, "Sijambo, bibi. Shikamoo." Hilo ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake. Nimeichukia hiyo "sijambo" miaka yangu yote na bado naitumia kila siku.

Lori la mkonge lilitupakia. Lilisimama Segera, na wauza machungwa wakalizunguka wakitupigia kelele tununue. Mama alikuwa amempakata dada kichwa. Akaniangalia, akachukua ncha ya khanga yake akamfunika uso. Dereva alikuwa mtu mwema, aligeuza lori bila kuulizwa. Baba mdogo alikaa kwenye magunia ameshika miguu ya dada, ile iliyovimba, akiisugua kana kwamba ina baridi.

Zahanati ilijengwa kijiji cha pili, karibu na wafugaji. Sikuwaonea wivu, walistahili, walikuwa wameonyesha walichonacho. Yule mwanamke wao alipona, akarudi na mtoto wake mgongoni, na mama yangu alipokutana naye gulioni alinunua ndizi akampa yule mtoto. Kisha akakaa chini palepale gulioni akalia. Baba mdogo aliacha uenyekiti. Walimbembeleza sana, akasema tu kwamba amechoka.

Mvua mbili zilikuwa zimepita Landrova iliporudi. Watafiti walitaka kulinganisha hali ya wakati ule na ya sasa, na safari hii walikuwa wanauliza pia habari za waliofariki. Hakuna aliyetuambia tufagie, na hatukufagia. Binti wa Chuo Kikuu alikuja moja kwa moja nyumbani kwetu, amefurahi kama mtu anayerudi kwa jamaa zake. Akapiga goti kwa mama, akamwamkia baba mdogo aliyekuwa amekaa barazani kwetu, kofia kichwani, na akaniuliza kama nimeolewa. Kisha akauliza swali lake.

"Dada yangu amefariki," nikasema, kabla mama hajafungua mdomo. "Alikuwa mjamzito."

Alisikitika kwelikweli, nilimwona. Akatupa pole kama inavyotakiwa. Halafu uso wake ukaonyesha kwamba kuna jambo halielewi.

"Samahani, mama. Nyumba hii naikumbuka vizuri, nilikula hapa hapa. Mlikuwa wawili tu." Akanigeukia mimi. "Huyo dada yako alikuwa wapi siku ile?"

Mama akatazama chini. Mimi nilikuwa na maneno mengi, nilikuwa nimeyaweka tangu Segera. Kabla sijayasema, tukamsikia baba mdogo anasimama kule barazani. Alivua kofia, akaishika kwa mikono yote miwili mbele ya yule binti wa umri wa mwanawe.

"Nilimficha mimi, mwanangu," akasema. "Nilitaka mtupe zahanati, azalie humo."