Saruji ya Papa Barthélemy

Papa Barthélemy alikuwa mwashi Bukavu, Kongo, na hadi leo kuna nyumba kule zinazotajwa kwa jina lake. Hapa Durban alilinda magari nje ya maduka, kavaa kizibao cha manjano, akiwaelekeza madereva wasiomtazama. Nilizoea kumtania: "Papa, siku hizi unajenga nini?" Naye alijibu, "Najenga njia ya watu, maman." Tulicheka, lakini ilimuuma.

Kanisa tulilopewa sisi wahamiaji kusalia alasiri za Jumapili liko mtaa wa Glenwood. Waingereza walilijenga wakiiga makanisa ya vijijini kwao: kuta nene za mawe, mnara wa mraba, madirisha marefu yenye ncha. Hata baraza ya mlango waliiweka kusini, kwa sababu kwao kusini ndiko kwenye jua. Durban kusini ndiko inakotoka mvua ya upepo. Hawakujali, mazoea yana tabu.

Juu ya mlango huo walipachika jiwe lililotoka kwenye kanisa lao la zamani, lenye umri wa miaka mia sita: uso wa mwanamke aliyejitanda kitambaa, mashavu yamemjaa kana kwamba anazuia kicheko. Barthélemy alimvulia kofia kila Jumapili. "Ule fundi alikuwa na mkono," husema.

Mwaka 2010 viungo vya chokaa kati ya mawe vilianza kumomonyoka, naye akajitolea kuvitengeneza. Kasisi alifurahi. Barthélemy alifurahi zaidi, maana mwiko wa uashi ulikuwa umerudi mkononi. Alikuwa anachokonoa chokaa kuukuu pale jirani yetu Pandu, fundi wa kupaka rangi kutoka Unguja, alipopita.

"Ndugu yangu, ukuta wa zamani hautaki saruji," Pandu alimwambia. "Nyumba zetu za mawe kule ukizitia saruji, maji yanafungika ndani. Tia chokaa, ukuta upumue."

"Ukuta inapumua? Iko na pua?" Barthélemy alicheka. "Chokaa ni ya kupaka miti. Mi naweka ciment ya kweli."

Kwao Bukavu mwashi anayebania saruji huitwa mwizi. Basi hakubania. Na pale alipopenda zaidi, kuuzunguka ule uso, alishindilia zaidi.

Kazi ilipendeza, nani atakataa? Alitembea kifua mbele. Lakini mvua za miaka miwili zilipopita, ukuta ukaanza kuota ukungu kwa ndani, na kila Jumapili tukakuta unga wa jiwe sakafuni, chini ya yule mwanamke. Barthélemy alielewa kabla yetu. Alileta patasi aiondoe saruji yake, ikagoma. Ilikuwa imeshika barabara, kila kipande kikitoka na nyama ya jiwe. Akaacha.

Mwaka 2013, baada ya juma zima la mvua, tulikuwa tunaimba tukasikia kishindo. Uso ulikuwa umebambuka wote. Pua huku, shavu kule.

Kasisi hakumlaumu. Alimshukuru mbele ya watu kwa moyo wake mwema, na mimi nikaona afadhali angemtukana. Tusi mtu hulijibu. Shukrani ile Barthélemy alikaa nayo hivyo hivyo, kichwa chini, hana pa kuiweka.

Pandu alipopata habari alikuja na ndoo ya chokaa. Hakusema "nilikuambia", na kwa hilo namheshimu mpaka leo. Alimkuta Barthélemy amepiga magoti barazani, anaokota vipande na kuviweka ndani ya kizibao chake cha manjano.

"Tutaziba viungo pamoja, ndugu yangu," alisema Pandu. "Nitakuonyesha."

"Viungo, sawa. Na huyu maman?" Barthélemy alishika kipande cha shavu. "Alipita vita, akapita bahari, hakuna mtu alimugusa. Akakuja kufa kwa mkono ya mwashi."

Pandu aliweka ndoo chini, akaanza kuokota naye.

Siku hizi nikipita madukani Barthélemy bado yupo, anaelekeza magari. Tunasalimiana, tunaulizana habari za watoto. Anajenga nini, simuulizi tena.