Mlingoti wa Mchunga Mbuzi

Mashemeji zangu walizaliwa Longech, ukingoni mwa ziwa, na hata walipohamia Lodwar kutafuta kazi hawakuacha kuchonga mashua ndogo za kushindanisha. Mwaka 2012, mvua ilipoacha bwawa pana kando ya mto Turkwel, walikuwa hapo kila Jumapili baada ya kanisa, watu wazima wenye ndevu, wakizozana juu ya vyombo vyenye urefu wa mkono. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona matanga. Siku moja niliuliza kwa nini mashua zao zinapinduka ovyo. Shemeji mkubwa alicheka, akasema mtu wa Kakuma anajua mbuzi, mambo ya maji awaachie wenyewe.

Yalinichoma. Nikatangaza mbele ya wote kwamba nitaunda chombo changu nishindane nao, na nikishindwa sitafungua mdomo tena kuhusu mashua. Mume wangu alishika kichwa.

Wao walisimamisha milingoti ya chuma, spoki za baiskeli na nondo nyembamba, kwa kuwa chuma hakivunjiki. Kweli hakivunjiki, lakini kina uzito, na upepo wa Lodwar ukisukuma, chombo kinalala ubavu na hakiinuki. Nilikwenda kwetu Kakuma nikakata fimbo za ule mti tunaochungia mbuzi. Ya kwanza niliianika juani kwa haraka zangu, ikapinda. Nikaitupa motoni kwa hasira. Ya pili niliipaka mafuta ya mkia wa kondoo, nikaipasha juu ya makaa na kuinyoosha pole pole kwa goti, kama tulivyofanya tukiwa wachungaji. Kisha nikaiparura kwa kipande cha chupa, chini ikabaki nene, juu nyembamba. Kwa mti unaolala chini ya tanga nilichagua kijiti chepesi kabisa, maana kazi yake ni kushika kitambaa tu, si kubeba nyumba.

Siku yenyewe upepo ulikuja na mchanga. Chombo cha shemeji mkubwa kilitangulia, kikapinduka katikati ya bwawa. Changu kiliinama, mlingoti ukapinda nchani ukaachia upepo, kikasimama tena na kwenda zake mpaka ng'ambo. Nilijipigia vigelegele mwenyewe, sikumngoja mtu. Nilicheza pale kwenye matope, viatu mkononi, kwa furaha ambayo hata siku ya harusi sikuwa nayo.

Baada ya siku chache shemeji mkubwa alikuja nyumbani na mzigo wa fimbo begani. Aliniamkia kwa lugha yetu, "Ejok," akazitua miguuni pangu.

"Shemeji, hizi fimbo, gani itaweza kuwa mlingoti?"

Nilifumba jicho moja, nikazikagua kwa zamu. Hii ina fundo. Hii imekauka mtini. Hii ni nzito juu. Mume wangu alininong'oneza nimhurumie ndugu yake. Sikumhurumia hata kidogo. Nilimrudishia zote, nikamwambia aende akakate nyingine.

Akaenda.