Akinyi, Dawa Zilikuwa Zako Peke Yako

Jamani, bado siamini. Akinyi wangu ameenda. Na kuna kitu sijaambia mtu yeyote, kinanimaliza.

Jumamosi asubuhi alikuwa anapanga samaki kwa meza yake sokoni Asembo Bay. Akashika kifua, akaanguka. Hakufika hospitali.

Tulikaa dawati moja tangu class one. Mimi nikaishia pharmacy ya hospitali hapa Kisumu, yeye akaishia kwa samaki. Mbele ya watu aliniita Daktari, na mimi natoa tu dawa dirishani. Nikikataa, anacheka: "Si uko na koti nyeupe?"

Mwaka jana kifua kilianza kumbana akibeba karai. Nikampeleka clinic. Wakasema mshipa umekuwa mwembamba, damu haifiki vizuri kwa msuli wa moyo. Akaandikiwa dawa.

Nilimweleza mwenyewe. "Makaa ikiwa kidogo unafanyaje?"

"Nafunga mlango wa jiko, iwake polepole."

Nikamwambia basi dawa inafanya hivyo. Inapunguza mbio za moyo, ndiyo msuli utosheke na hiyo damu kidogo, usiumie. Akapiga makofi. "Yawa! Kumbe moyo ni jiko!"

Nilijisifu sana siku hiyo. Patient education kama hiyo, wapi!

Alhamisi akanipigia. "Osiepna, rafiki yangu, dawa imeisha." Tulikuwa kwa stock-taking, tunahesabu dawa zote, nimechoka, supervisor ananiangalia. Nikamwambia aje Jumatatu.

Dawa ya mwezi mzima, na hata wiki mbili hazikuwa zimepita. Mimi ndiye nilimpa. Sikuuliza imeenda wapi. Mungu wangu, sikuuliza!

Jana nilikuwa kwao naosha sufuria za matanga. Mama Pamela, aliyekuwa akiuza samaki na Akinyi, akanivuta kando. Akafungua leso, akatoa vidonge vinne.

"Akinyi alinigawia. Alisema vinalinda moyo, akatueleza mambo ya jiko mpaka tukaelewa. Sisi wote wa pale alitugawia. Sasa Daktari, niendelee kumeza?"

Nilikaa chini kwa matope nikalia kama mtoto.

Akinyi hakuweza kula kitu peke yake. Hata andazi moja shuleni tuligawana watu wanne. Hiyo tabia yake niliijua miaka yote! Nilimfunza vile dawa inafanya kazi, lakini sikumwambia ni yake peke yake, na kwamba kuikatiza ghafla ni hatari.

Please, nyinyi mnaosoma hapa. Dawa ya moyo haiombwi jirani kama chumvi. Na ikikaribia kuisha, sumbua watu wa hospitali mpaka wakusikie, hata wakinuna.

Akinyi, nyar Asembo, binti wa kwetu, nisamehe. Jana mama yako alinikumbatia mbele ya watu, akanishukuru vile nilikutunza. Nikakubali asante yake, na nikala chakula chake. Nimeandika hii ndiyo ajue, na akinifukuza kwa mazishi nitasimama nje ya boma.

Lala salama, osiepna. Mimi usingizi sina.