Ruhusa ya Maji

Niliondoka Kondoa kwa ajili ya mdogo wangu, Saidi. Msafiri alituambia anaharisha damu katika kambi ya reli karibu na Dodoma, na kampuni haimruhusu kuondoka. Mama alinifungia unga na asali, nami nikashika njia.

Siku ya tano, jua la utosi, nilifika kwenye mto wa mchanga, koo limekauka. Nikaona kisima kimechimbwa mchangani, nikainama kuteka. Sisi tuna chemchemi isiyokauka. Maji nani huyaombea ruhusa? Mara mkono ukashika kibuyu changu. Alikuwa Mama Nyemo, Mgogo, mwenye kisima. Niliona aibu, wee! Akanieleza kwamba kisima ni cha aliyekichimba, na mgeni huomba kwanza. Nikaomba. Akaninywesha mpaka nikatosheka, akanipa na pa kulala.

Kesho yake nilimkuta Saidi kambini, amelala juu ya majani, macho yamezama. Wenzake walinionyesha dimbwi wanalokunywa. Nyumbu wa kukokota mikokoteni walikuwa wakiogeshwa humohumo. Mapipa ya maji safi yalikuwapo, lakini ya msimamizi na nyumbu wake. Aliyelalamika alichapwa kiboko.

Jioni nikarudi kwa Mama Nyemo, nikamsimulia. Kumbe mapipa yale yalijazwa kisimani kwake kila siku. Nyapara wa kampuni alikuja kumwomba kwa adabu, kwa ajili ya watu wenye kiu, naye akakubali.

"Niliwapa watu," akasema. "Nyumbu hawakuniomba."

Usiku huo akapita kwa wanawake wenzake wenye visima. Asubuhi hakuna mwanamke aliyekwenda kufukua mchanga unaoporomoka visimani kila usiku, na visima vyote vikajifukia. Watu wa kampuni walijaribu kuchimba, kingo zikawaangukia, wakarudi wamejaa matope. Wafanyakazi nao wakaweka majembe chini. Mimi, niliyejifunza kuandika kwa karani wa akida, nikaandika barua ya kumpelekea bwana shauri, mkuu wa wilaya wa Kijerumani, bomani, nao wakatia alama za vidole.

Siku ya tatu bwana shauri alikuja mwenyewe kambini, amenuna, akitaka kujua kwa nini kazi imesimama. Mama Nyemo alichota maji ya dimbwi, akampa kwa mikono miwili, kama anavyopewa mgeni. Akayanusa, asiyanywe.

"Hayo ndiyo wanayokunywa, bwana," Mama Nyemo akasema.

Nilijua kiboko kinafuata. Bwana shauri aliyamwaga maji, akamwangalia msimamizi, akaamuru mapipa yawe ya watu kwanza na wagonjwa waachiwe.

Safari ya kurudi ilituchukua siku tisa, Saidi akijikongoja begani mwangu. Mama Nyemo alitujazia vibuyu, na asali yangu akaionja kidole kimoja tu, akasema iliyobaki ni ya mgonjwa. Mungu amlipe, maana mimi siwezi.

Siku hizi kila nikifika kwenye chemchemi yetu, isiyo na mwenyewe, napiga hodi kabla ya kuteka. Majirani hucheka. Saidi hacheki, husimama kando yangu, kibuyu mkononi, akingoja niitikiwe.