Punda Aliyepakwa Milia Bunda

Enzi za Mwingereza nilikuwaga na punda jike mmoja, na maisha yangu yote yalikuwa mgongoni mwake. Tulikuwa tunatoa furu wakavu, wale samaki wadogo wa ziwani, Musoma, tunapandisha Butiama, tunamalizia Bunda. Punda akifa, mimi nabeba magunia kichwani, au narudi kulima kwa baba.

Bunda ndipo aliponiona Bwana Nyama, mzungu wa serikali wa kuangalia wanyama wa pori. Alikuwa na jibu la kila ngozi. Chui ana madoa kwa sababu ya vivuli vya majani. Twiga ana mabaka kwa sababu ya miti. Pundamilia ana milia ili simba asimwone nyasini.

"Mbona mimi namwona toka mlimani, Bwana?"

"Wewe si simba."

Hapo alinishinda. Sijawahi kuwa simba. Lakini aliporudi safari nyingine akaja na jipya: milia si ya simba, ni ya mbung'o, wale inzi wanaoua mifugo porini. Eti hawapendi kutua kwenye milia. Alilisema kwa uso uleule, kana kwamba lile la kwanza lilisemwa na jirani. Nilimdharau kwa hilo kuliko kwa kukosea. Shule niliiachia njiani, huenda elimu ndivyo ilivyo. Ila mtu wa namna ile ukimwonyesha kikombe, atakwambia mkono uliota vidole ili ushike chai.

Sasa akataka kumpaka punda wangu milia, kisha amkodi abebe hema lake ndani ya pori la mbung'o. Akamleta fundi wa kupaka nyumba kutoka Mukendo, kule Musoma. Fundi, ili chokaa isidondoke, akaichanganya na mavi ya ng'ombe, kama anavyofanyaga ukutani. Tukamfunga punda ukingoni mwa pori. Kweli, inzi walikuwa wachache. Bwana Nyama nusura amkumbatie.

"Bwana, huenda ni harufu," nikasema. "Kwetu ndama tunawapaka mavi, inzi hawasogei. Ubavu mmoja uache na milia, mwingine upakwe wote mchanganyiko huohuo, bila milia. Tuone."

Fundi akacheka. "Mzee, ukuta huu wa milia nausimamia. Huo wako wa harufu upake mwenyewe."

"Milia inatosha," akasema Bwana Nyama.

Nikakataa kumkodisha, nikamfungua punda wangu, nikaondoka naye hivyo hivyo. Sokoni wakaniuliza kama nina kibali cha kufuga pundamilia.

Mchuuzi mmoja wa chumvi akamtoa wa kwake. Akapakwa mchanganyiko uleule, akaingia porini na hema, akarudi mzima.

"Mzee wa Harufu," mchuuzi akaniita mbele ya watu, "punda wangu huyu hapa. Muulize kama amekufa."

Ningependa kuandika kwamba alikufa baadaye. Hakufa. Na kwa haki, huenda milia inafukuza inzi kweli. Huenda ni mavi. Huenda yule punda alikuwa na bahati tu. Ubavu mmoja wa punda ungetuambia, na Bwana Nyama hakuutaka. Alikwisha kuwa na jibu, ubavu wa nini tena.

Wangu nilimwogesha ziwani. Chokaa ilitoka kwa taabu, maana fundi alikuwa fundi. Kesho yake tukapandisha Butiama na furu wetu, na inzi wa barabarani wakatua mgongoni mwake kama kawaida. Hilo nalo halithibitishi kitu.