Dawa Chini ya Kofia ya Spika

Harufu inayonirudisha Shinyanga ya utotoni mwangu ni ya karatasi iliyotwangwa pamoja na pamba, ikikauka kivulini juu ya kalibu ya mninga, huku gundi ya viatu ikinuka pembeni yake. Baba yangu alikuwa fundi wa spika. Kibanda chake kiliegemea ukuta wa nyumba yetu, si mbali na reli, na treni ya mizigo ilipopita, misumari midogo ilitembea yenyewe juu ya meza. Miaka ile ya mwanzoni mwa themanini sabuni tu ilikuwa ya foleni, sembuse koni, ile karatasi ya spika inayotikisika na kutoa sauti, kutoka Uingereza. Kwa hiyo Baba alijitengenezea. Aliomba mabaki ya pamba kiwanda cha kuchambulia, akayaloweka na magazeti ya zamani, na Mama akayatwanga pamoja kinuni mpaka yakawa uji mzito. Uji huo ulitandazwa juu ya kalibu na kukandamizwa, ukakauka ukawa koni. Ukingo wake ulikuwa kitambaa cha kanga kuukuu kilichopakwa utomvu wa mgunga. Majirani walimtania Mama, wakamwita mpika spika. "Karibuni chakula," aliwajibu, na mchi haukusimama. Wakati ule Mama alikuwa bado anacheka.

Msimu ninaoukumbuka ulianza siku Mjomba Masanja, kaka yake Mama, aliposhuka kwenye lori la pamba akitokea Geita, akiwa amebeba spika ndani ya shuka kama mtoto mgonjwa. Mjomba alipiga gitaa katika bendi ndogo iliyotumbuiza kwenye baa moja ya wachimbaji. Spika ile ilitoka katika amplifaya ya klabu ya mgodi wa zamani, akainunua mgodi ulipofungwa na wenyewe kuondoka. Sasa koni yake ilikuwa imechanika kutoka ukingoni hadi katikati. Mama hakuitazama spika. Alimtazama kaka yake miguu na mikono, kama anayehakikisha kwamba viungo vyote vipo. Mwaka uliotangulia mdogo wao, Shija, alifukiwa na kifusi ndani ya duara, ndivyo wachimbaji wanavyoliita shimo lao, na mwili wake haukutolewa. Tangu hapo Mama alikuwa na dua moja tu, kwamba gitaa liendelee kumlisha Masanja ili asiteremke shimoni.

Baba alikuwa na utaratibu wa kuithamini spika, na hakuuruka hata siku moja. Hakuanza na karatasi iliyochanika, ambayo kila mtu aliiona. Alianza na sumaku, akaipima uzito mkononi. Akasoma namba zilizogongwa kwenye fremu, ambazo humwambia fundi spika ilitengenezwa wapi na lini. Kisha akaweka vidole vya mikono yote miwili juu ya koni, pande zinazotazamana, akaisukuma chini taratibu na kuinamisha sikio. Nyuma ya koni kuna koili, waya mwembamba uliozungushiwa kibomba cha karatasi, nayo hupanda na kushuka ndani ya mwanya wa sumaku ulio mwembamba kama ukucha. Koili ikigusa ukuta wa mwanya hukwaruza, na spika inayokwaruza, alisema Baba, ni maiti inayosubiri siku. Ile haikukwaruza.

"Shemeji, kuna mfanyabiashara kule anataka kunipa baiskeli mpya kwa spika hii, hivihivi ilivyo," alisema Mjomba.

"Basi anakuona mjinga. Baiskeli itakuja nyingine. Hii haiji tena. Usiiuze."

"Hata nikitaka kuuza, sasa siwezi. Kuna bendi imekuja kutoka Mwanza. Mwenye baa amesema tupige sote siku moja, kila mmoja upande wake, kama ngoma za mavuno. Bendi watakayoiendea watu ndiyo itakayobaki na baa."

Kila mwenye asili ya Usukumani alielewa maana ya maneno hayo. Katika mashindano ya ngoma za kwetu hakuna majaji. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, na watu huamua kwa miguu yao. Na kwa kuwa mguu wa mtu ni mgumu kutawala, kila upande huenda kwa nfumu, mganga, kutafuta dawa ya kuvuta watu, nayo hutiwa ndani ya ngoma. Babu yangu mzaa mama aliwahi kuwa na ngoma ya namna hiyo. Kwa hiyo Baba alipokwisha kutia koni mpya, akiishikilia koili katikati ya mwanya kwa vipande vya filamu ya eksirei mpaka gundi ikauke, na alipokuwa tayari kubandika kofia, lile duara dogo la karatasi linalofunika katikati ya koni ili vumbi lisiingie, Mjomba alitoa mfukoni kifuko cha kitambaa cheusi chenye unga wa dawa.

"Hii ikae humo, shemeji. Tumboni."

"Mle hata unywele hauingii."

"Ngoma ya mzee ilikuwa nayo tumboni, na watu waliwaacha wenzake wakicheza na vumbi."

"Ngoma ni pipa, Masanja. Hii ni saa."

Mama alisimama mlangoni, mikono yake ingali myeupe kwa pamba. "Baba Zuhura," alisema kwa sauti ya chini, "muwekee tu." Baba alikuwa mtu wa Ujiji, mwenye swala zake na vipimo vyake, na sidhani kama ilikuwa dini iliyomzuia. Alichokataa ni unga karibu na mwanya. Mwishowe, kwa heshima ya shemeji yake, alikigundisha kile kifuko nyuma ya fremu, mbali na kila kinachotikisika. Mjomba akasema, "Sawa." Spika ilipopigwa jioni ile kwa gitaa, ilitoa sauti nene na safi, na watoto wa mtaa mzima wakajaa uani. Nilimwona Mama akiziba mdomo kwa kanga, machozi yakimtoka. Nilidhani tumeshinda.

Habari aliileta Maduhu, mpiga ngoma wa bendi, pamoja na spika yenyewe ndani ya shuka lilelile. Alimwamkia Baba, akakaa, akaongea akiitazama sakafu. Alisema wenzao wa Mwanza waliikagua spika kabla ya mashindano na kumcheka Mjomba. "Dawa mgongoni, ndugu yangu? Itavuta watu walio nyuma ya ukuta." Mjomba alicheka nao, kisha akachukua wembe, akaibandua kofia, akafumua kifuko, akamwaga unga wote katikati na kugundisha tena. Walipoanza kupiga, watu walikuwa upande wao. Wimbo wa kwanza ulikwisha vizuri. Katika wa pili spika ilianza kukoroma, Mjomba akaongeza sauti ili kuufunika mkoromo, moshi ukatoka, na baada ya hapo kukawa kimya. Watu hawakuzomea. Waligeuka tu, wakaenda upande wa pili. Wahenga walisema ngoma ikivuma sana hupasuka, lakini ile haikupata hata nafasi ya kuvuma.

Baba aliifungua kofia mbele yetu. Unga ulikuwa umeshindiliwa ndani ya mwanya, mweusi kama kahawa iliyoungua, na waya wa koili umeyeyuka. Waya mwembamba wa namna ile haukupatikana Shinyanga wala Mwanza.

"Masanja yuko wapi?" aliuliza Mama.

"Ameteremka, dada. Duara la rafiki yake."

Mama akamgeukia Baba. "Ungeiweka wewe," alisema, "ungejua pa kuiweka." Mjomba alifanya kazi shimoni hadi mvua za vuli. Zilipolegeza udongo, matimba yaliyoshikilia kuta yakaachia, naye akabaki huko na wenzake, kama Shija. Tulifanya matanga bila kaburi kwa mara ya pili. Mama hakutwanga tena pamba, na kile kibanda kikawa cha kutengenezea pasi na redio. Neno lile la Mama halikurudiwa nyumbani kwetu, na halikuhitaji kurudiwa.

Leo Shinyanga imejaa spika za plastiki, kwenye bajaji, kwenye baa, kwenye maduka ya simu, na ikifa moja hutupwa jalalani kabla haijapoa. Mimi nimejifunza kazi ya Baba peke yangu, kwa vitabu na kwa kuharibu. Watu wa mbali hunitumia picha za spika za zamani wakitaka nizithamini, na thamani kwao ni karatasi ya kiwandani isiyoguswa na mtu. Kwa kipimo chao, koni ya pamba ya wazazi wangu inaishusha thamani ile spika ya Mjomba. Ninayo mimi. Wazazi wote wawili walipokwisha kuzikwa, niliagiza waya, nikazungusha koili mpya, nikaipachika kwenye koni ileile aliyoitwanga Mama. Kisha nikashona kifuko kidogo cha kitambaa cheusi, nikakijaza jivu, nikakifunga kwa mshono wa karibukaribu na kukigundisha upande wa ndani wa kofia, juu kabisa ya mwanya. Sauti imekuwa nzito kidogo, lakini ni mtu aliyeisikia zamani tu anayeweza kulijua hilo. Nimeipiga mwaka mzima. Kila nikimaliza naweka vidole vya mikono yote miwili juu ya koni, naisukuma chini taratibu, nainamisha sikio. Haikwaruzi. Mahali pa kuiweka palikuwapo.